Kwa mnaoanza kuandika habari za masoko ya hisa

Ukipangiwa dawati la biashara, tafuta matoleo ya zamani ya Nightly Business Report. Kipindi hiki cha nusu saa kilianzia WPBT, kituo cha televisheni ya umma cha Miami, mwaka 1979. Kuanzia 1981 kikaonekana Marekani nzima, hadi kilipofungwa Desemba 2019. Kwangu hakijapata mrithi.

Mtazame hasa Paul Kangas. Alikuwa dalali wa hisa kabla ya kuwa mtangazaji, na hilo linaonekana: haringi na takwimu, anazieleza kampuni moja baada ya nyingine, na mtu anayemsikiliza huku anapika hapotei.

Jambo la kwanza ninalowakazania wageni ni asilimia. Oktoba 19, 1987, fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka pointi 508, yaani asilimia 22.6 kwa siku moja. Kipindi cha Nightly Business Report kilipofungwa mwaka 2019, Dow ilikuwa imepita 28,000, na pointi zilezile 508 hapo hazifiki asilimia 2. Kwa hiyo ukiandika "soko lapoteza pointi 508" ukaishia hapo, msikilizaji hajui kama ni msiba au ni siku ya kawaida tu.

Kisha sababu. Hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Taarifa inakaribia kwenda hewani, mhariri anauliza "kwa nini?", nawe unaandika "kutokana na hofu ya wawekezaji". Hofu ya nani? Umemuuliza nani? Anguko la 1987 lenyewe wachumi bado wanalibishania: wapo wanaotaja riba iliyokuwa ikipanda, wapo wanaotaja programu za kompyuta zilizozidi kuuza hisa kadiri bei zilivyoshuka. Basi usijitungie sababu ya soko kushuka nusu asilimia. Mpigie dalali, andika alichosema, na useme ni yeye aliyesema. Usipompata, toa bei bila sababu. Taarifa itakuwa fupi, lakini itakuwa ya kweli.

Kwa mnaoripoti Nairobi, angalieni Safaricom kabla ya kitu kingine. Ni kubwa mno sokoni, kiasi kwamba ikishuka inaweza kuivuta chini fahirisi ya hisa zote hata kama kampuni nyingi zimetulia. Fungua orodha ya bei za kufunga soko, hesabu zilizopanda na zilizoshuka, ndipo uamue kama kilichoshuka ni soko au ni kampuni moja.