Tai wa zawadi: anza na kibao, si na mabawa

Tai wangu wa kwanza, sanamu ndogo ya aina ambayo klabu za Ujerumani zilitoa kama zawadi ya mashindano, nilimnunua Berlin, katika soko la vitu vikuukuu la Straße des 17. Juni, ambalo hufanyika mwisho wa juma. Alikuwa na kimo cha kiganja na nusu, amesimama juu ya marumaru nyeusi huku mabawa yake yakiwa nusu wazi, na chini ya kucha zake palikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye maneno ya Kijerumani na mwaka 1911. Muuzaji aliapa kuwa ni bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, nami nikalipa bei ya bronzi. Nilipofika nyumbani nilifungua skrubu iliyomshikilia kwenye marumaru, nikakwaruza kidogo kwa ncha ya kisu mahali pa chini pasipoonekana. Bronzi ikikwaruzwa hutoa wekundu wenye umanjano. Huyu wangu alitoa kijivu. Alikuwa zinki iliyopakwa rangi.

Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, chini ya nusu ya joto ambalo bronzi huhitaji, na ndiyo sababu mafundi wa Ujerumani wa karne ya 19, hasa wa Berlin, waliitumia sana kwa sanamu za bei nafuu. Walizisubu vipande vipande, kisha wakaviunga, kwa hiyo pitisha ukucha pale bawa linapokutana na mgongo, na mara nyingi utausikia mshono. Sumaku nayo ibebwe, ingawa haishiki bronzi wala zinki. Kazi yake ni kukuambia kama mbele yako pana chuma.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba tai na kibao chake ni vitu viwili vyenye historia mbili. Klabu nyingi hazikuagiza sanamu mpya kwa ajili ya mashindano yao. Zilinunua tai aliyekwisha kutengenezwa na kuuzwa dukani kama pambo la mezani, kisha mchongaji wa mjini akaandika kibao na kukifunga. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni mwaka wa zawadi, nao hausemi lolote la hakika kuhusu mwaka wa sanamu. Umri wa sanamu utafute kwingine: herufi D.R.G.M., kwa mfano, zinaonyesha kuwa umbo liliandikishwa kisheria, na kwa kuwa uandikishaji huo ulianza mwaka 1891, kitu chenye herufi hizo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Kwenye kibao, neno Ehrenpreis ni zawadi ya heshima, gestiftet von humtaja aliyeitoa, na Wanderpreis ni zawadi ya kupokezana, ambayo mara nyingi huwa na majina ya washindi wa miaka kadhaa. Herufi T.V. kwa kawaida ni chama cha mazoezi ya viungo, na D.T. huenda ikawa Deutsche Turnerschaft, shirikisho la vyama hivyo lililoanzishwa mwaka 1868 na kuvunjwa 1936, jambo linalokupa mipaka miwili mara moja. Ukiona jina la Breslau au Stettin, kumbuka kwamba miji hiyo leo ni Wrocław na Szczecin, na nyaraka zake uzitafute kwanza Poland.

Kibao changu kilikuwa na maandishi ya mtindo wa zamani wa Kijerumani, ambamo herufi s ya katikati ya neno hufanana mno na f. Nilinakili Preisfchießen, nikahangaika wiki mbili nikitafuta neno lisilokuwepo duniani. Lilikuwa Preisschießen, mashindano ya shabaha. Hapo ndipo tai mwenyewe alipoanza kueleweka kwa namna nyingine, kwa sababu wapiga shabaha wa Ujerumani wana desturi ya kale ya kulenga ndege wa mbao, mara nyingi tai, aliyetundikwa juu ya mlingoti, na anayeangusha kipande cha mwisho ndiye huwa mfalme wa mwaka huo. Si kila tai wa Kijerumani ni nembo ya dola, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo kwa kuwa bei hupanda.

Kwa utafiti wenyewe, nilisaidiwa zaidi na magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni na Deutsche Digitale Bibliothek, maktaba ya kidijitali ya Ujerumani, tangu mwaka 2021, ambamo matokeo ya mashindano ya vijiji yalichapishwa kwa uaminifu wa kushangaza. Tafuta kwa jina la mji na mwaka kabla ya jina la mshindi.

Mwisho nilikiondoa kile kibao ili nione nyuma yake. Palikuwa na matundu mawili mengine, yaliyozibwa kwa nta, yakiwa mapana kuliko skrubu zilizopo. Kibao cha 1911 hakikuwa cha kwanza. Nilikirudisha kwa skrubu zake zilezile, nikaandika kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya marumaru: zinki, shabaha, 1911, kibao cha pili au zaidi.