Ruti za graveli mabondeni na misituni: usiulize kilomita, uliza barabara ilichongwa kupitisha nini

Mtu akiniomba nimpe ruti nzuri ya graveli milimani, yaani ya kuendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe, swali lake la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Sitini? Mia? Na mimi jibu langu ni lilelile, kilomita za milimani hazikuambii kitu mpaka ujue unapanda mita ngapi, na hata hizo mita hazitoshi mpaka ujue hiyo barabara ilichongwa na nani na alikuwa anataka kupitisha nini. Maana tukubaliane tu, hakuna mtu aliyepasua mlima kwa ajili yangu na wewe na vikaptura vyetu vya kubana. Barabara karibu zote tunazozipenda kule juu zilitengenezewa kitu kingine kabisa, magogo, treni, mizinga ya jeshi, mifugo, mabomba ya maji, na hicho kitu ndo kiliamua mlima utakuwa mkali kiasi gani, kokoto zitakuwa kubwa au ndogo, na hasa hasa kama barabara inatokea upande wa pili au inakufia katikati ya msitu.

Chukua reli za zamani zilizong'olewa zikageuzwa njia za baiskeli. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walizungusha njia, wakatoboa mahandaki, wakajenga madaraja, ilimradi mwinuko ubaki mdogo. Njia ya Mickelson kule Black Hills, South Dakota, ni reli ya zamani ya karibu kilomita 175 na mwinuko wake hauzidi asilimia 4, yaani unapanda mita 4 kwa kila mita 100. Otago Central ya New Zealand ni hivyohivyo, kilomita 152 kati ya Middlemarch na Clyde. Kama ndo unaanza, au unaenda na mtu asiyependa kuteseka, tafuta reli ya zamani. Ubaya wake ni kwamba hazikupi mteremko wa kupumzika, unakanyaga tu muda wote, makalio yanaanza kulalamika kabla ya miguu, na mimi binafsi baada ya masaa mawili naanza kuboeka. Halafu beba taa hata kama unatoka asubuhi na kurudi mchana, ndani ya handaki huoni hata gurudumu lako la mbele.

Barabara za jeshi ni habari nyingine. Milima ya Alps kwenye mpaka wa Italia na Ufaransa imejaa njia za changarawe zilizochongwa kupeleka wanajeshi na silaha juu kwenye ngome, na maarufu kuliko zote pengine ni ile ya kuvuka mlima pale Colle delle Finestre, inafika zaidi ya mita 2,100 na kilomita kama 8 za mwisho kuelekea juu hazina lami. Giro d'Italia, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, ilipita pale mara ya kwanza 2005, na 2018 Mwingereza Chris Froome alichomoka pale zikiwa zimebaki kilomita kama 80 na akaondoka na ushindi wa mashindano yote. Ukiangalia kwenye picha zile kona zinavyojikunja na kujikunja unadhani ni laini, ila wastani wa mlima mzima ni karibu asilimia 9, haukuachii kabisa. Ndo barabara za jeshi zilivyo, kona nyingi, mlima usiobadilika, ukishapata mwendo wako unaweza kupanda nao mpaka juu bila kushtukizwa, na mimi hilo nalipenda kuliko njia ya kupanda na kushuka kila dakika mbili.

Njia za mifugo kinyume chake. Mfugaji na trekta lake hana habari na asilimia, anataka kufika malishoni basi, kwa hiyo njia inapanda moja kwa moja kama imepigwa rula na mara nyingi inaishia hukohuko kwenye nyasi. Ukiona kwenye ramani kimstari kimoja kinachokata mistari ya mwinuko (ile inayoonyesha kimo cha mlima) iliyobanana na mwisho wake kuna kibanda, jua utasukuma baiskeli.

Sasa msituni. Hapa ndo watu wanapotea, na simaanishi kupotea kwa kutisha, namaanisha kupoteza nusu siku. Barabara nyingi za msituni ni za magogo, na lori lililojaa magogo haliwezi kushuka mteremko wa ajabu, kwa hiyo nyingi zina mwinuko wa wastani, pana, kona zimefunguka, raha tupu. Tatizo ni kwamba hazikutengenezwa kukupeleka mahali. Zilitengenezwa kufikia miti. Barabara kuu inapanda, inatoa tawi, tawi linatoa tawi, na kila tawi linaishia kwenye kiwanja kidogo ambapo magogo hupangwa kusubiri lori. Kwa hiyo nikichora ruti ya msituni kitu cha kwanza ninachoangalia ni kama ule mstari kweli unaungana na mwingine upande wa pili. Ramani inaweza kuonyesha ncha mbili zimekaribiana mita 200 na wewe ukajiambia ah, si nitakatiza tu, ila hizo mita 200 zinaweza kuwa korongo, miti iliyoangushwa na miiba, na utabeba baiskeli begani saa nzima huku unatukana.

Nyingine ni kokoto mpya. Wanaovuna magogo wakitaka kurudi kukata sehemu fulani wanamwaga kwanza kokoto kubwa kubwa zenye ncha, na kabla malori hayajazishindilia hapapitiki kwa raha, tairi linazama na kuchepuka. Mwaka unaofuata barabara hiyohiyo inaweza kuwa nzuri kuliko zote. Ndo maana mtu akiniambia alipita pale miaka mitano iliyopita namshukuru na naenda kuangalia upya.

Kuangalia kwenyewe nafanya hivi. Programu nyingi za kuchora ruti zinatumia data za OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na mle ndani njia za mashambani na msituni zinapewa daraja, kuanzia grade1 ambayo ni ngumu imeshindiliwa vizuri au hata ina lami, mpaka grade5 ambayo ni udongo mtupu laini na majani. Mimi na baiskeli ya graveli, 1 mpaka 3 naenda bila wasiwasi, 4 nakubali kama ni kipande kifupi na hakujanyesha, 5 naachia wenye baiskeli za mlimani. Ila hizo daraja zinawekwa na watu wa kujitolea, kila mtu na macho yake, kwa hiyo nafungua na picha za setilaiti. Ukiona mistari miwili myeupe iliyokolea, magari yanapita pale. Ukiona katikati kuna kijani, inapitika ila ni ya polepole. Ukiona mstari unaingia chini ya miti na hautokei upande wa pili, achana nao au weka mpango wa pili. Ile ramani ya Strava (programu ya kurekodi mazoezi) inayong'aa mahali watu wanapopita inasaidia sana, ila chagua ya baiskeli peke yake, maana njia inaweza kung'aa kwa sababu ya wapanda milima wa miguu na ukifika unakuta ngazi za mawe.

Mabonde nayo yana ratiba ya upepo, na hii watu hawaambiani vya kutosha. Siku ya jua kali, jua likishapasha ile miteremko hewa inaanza kupanda, na kuanzia kama saa nne au saa tano asubuhi upepo unavuma kutoka mdomo wa bonde kuelekea juu, unaongezeka mpaka alasiri, halafu usiku unageuka, hewa ya baridi inateremka. Sasa fikiria yule aliyepanga kupanda bonde asubuhi kweupe na kurudi njia ileile saa tisa alasiri, anajipa moyo kwamba kurudi ni mteremko tupu, na kumbe atakuwa anakanyaga kwenye mteremko kama anapanda. Dawa yake ni mzunguko. Panda kwa bonde upepo ukusukume mgongoni, vuka juu, rudi kwa upande wa msitu ambapo miti inakukinga. Kama lazima urudi bonde lilelile basi toka alfajiri, ila vaa, maana hewa ya baridi inalala chini bondeni na saa kumi na mbili asubuhi chini kunaweza kuwa na baridi kuliko pale juu kidogo mlimani.

Mchana ni kinyume, ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na umeloa jasho, na unakaribia kuteremka nusu saa bila kukanyaga. Jaketi jepesi la upepo na glavu za vidole virefu zinakaa kwenye begi langu hata kama bondeni watu wanatembea na fulana. Na mvua za radi milimani wakati wa joto zinapenda kuja mchana baada ya saa saba saa nane, kwa hiyo sehemu ya juu isiyo na miti nataka niwe nimeshaivuka kabla ya hapo.

Mambo ya baiskeli siyakuzi sana kwa sababu watu wanapenda kununua kuliko kuendesha. Ila mawili siachi. Tairi pana, milimita 45 hivi au zaidi kama fremu inaruhusu, tyublesi (zisizo na tyubu ndani), na upepo mdogo kuliko unavyodhani. Mtu wa kilo 75 na tairi za namna hiyo anaweza kuanza na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 mpaka 35 halafu ajaribu kushusha kidogo kidogo, ukisikia rimu inagonga jiwe umepitiliza. La pili ni gia nyepesi. Gia kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ya mbele, mfano 38 mbele na 46 nyuma, kwa sababu mlima wa asilimia 12 kwenye changarawe huwezi kusimama kwenye pedali ukaumaliza kibabe, ukisimama tu gurudumu la nyuma linakosa uzito linaanza kuzunguka bure. Kaa, sogea mbele kidogo kwenye kiti, zungusha taratibu.

Kuteremka ndo kunakoumiza watu. Tafuta zile alama mbili za matairi ya magari, pale changarawe imesukumwa pembeni na chini ni kugumu, kaa hapo, na kwenye kona kumbuka kwamba kokoto zilizolegea zinajikusanya katikati na ukingo wa nje, yaani palepale mwendo utakapokutupa. Breki zote zifanyike kabla ya kona baiskeli ikiwa imesimama wima. Kwenye mteremko mrefu usibane breki mfululizo, bana kwa nguvu kidogo, achia, bana, achia, diski zipate kupoa. Ukikuta barabara yenye mawimbi kama bati, hamia pembeni kabisa, mara nyingi kuna kamstari laini magari hayakukagusa. Na kutoka juani kuingia chini ya miti macho yanachukua muda, shimo lipo na hulioni, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kivuli na miwani ya rangi nzito iache nyumbani. Siku za kazi sikiliza malori, likija shuka usimame upande ambao dereva anakuona, hawezi kufunga breki kama gari dogo. Wapanda milima na wafugaji nao piga kengele mapema, salimia, pita polepole.

Maji ya kijito yanavutia, nakubali, ila kama juu kuna mifugo chuja au weka dawa, Giardia, kimelea cha kuharisha, haijali maji yanavyometameta. Ramani pakua zote kwenye simu kabla, maana kwenye bonde jembamba mtandao unakata mapema tu, na hata GPS inayumba kwa sababu kuta za mlima zinaziba setilaiti na kurudisha mawimbi ovyo, ukiona imekuweka ng'ambo ya mto usishtuke.

Muda sasa. Ule mwendo wako wa lamini usahau. Mimi napiga hesabu ya mita 500 za kupanda kwa saa, halafu naongeza kuteremka, sehemu za tambarare, kusimama, pancha na picha, na siku ya mita 1,500 ni siku nzima hata kama kilomita ni 60 tu. Mtumie mtu wa nyumbani faili la ruti na umwambie saa ya kuanza kukutafuta, hiyo usiichanganye na saa ya kufika. Mimi huwa naongeza masaa matatu juu ya makadirio yangu, na tumekubaliana kabla ya hapo asipige simu kwa mtu yeyote.