Jibu: Kutoka Mombasa kwa gari kulifuata bonde la Galana

Ndugu, umeuliza kama familia inaweza kutoka Mombasa ikaona miamba na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kando ya mto, kisha ikarudi kwa njia nyingine. Inawezekana: shikeni barabara ya Nairobi, mlale Voi, muingie Tsavo Mashariki na kuufuata mto Galana hadi lango la Sala, ndipo mteremke Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Njiani kwenda Voi, mawe ya eneo liitwalo Maji ya Chumvi yamehifadhi visukuku vya samaki wa kale, ila msivichukue, kwani sheria ya mwaka 2006 inakataza bila kibali.

Uhondo hasa uko Lugard Falls, kwenye mto Galana, ambako, licha ya jina, hakuna poromoko refu, bali maji yanayopenya kwa kishindo katika mifereji myembamba ya mwamba wenye mistari, uliosuguliwa ukawa laini. Ng'ambo yake ni uwanda wa Yatta, lava (mwamba ulioyeyuka wa volkano) iliyotiririka ndani ya bonde la kale na kuganda. Ardhi ya kandokando ilipomomonyoka, lililokuwa bonde likabaki kilima kirefu cha takriban kilomita 300. Watoto wasisogee ukingoni, kwa kuwa mamba ni wengi. Wakati wa masika, msiende bila gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne.