Acheni kukata waya za watu, voltmita haiungwi hivyo

Juzi dogo mmoja wa Makambako anayejifunza ufundi kanitumia meseji, "shikamoo braza, nimeunga voltmita, ile mita ya kupima volti, inasoma 12 kasoro kidogo ila taa imegoma kuwaka, mita ni mbovu?" Nikamwambia tuma picha. Kumbe kakata waya wa posetivu katikati, mita kaichomeka hapo hapo kwenye mkato, umeme wote upitie kwenye mita. Nilicheka peke yangu hapa kibandani Uyole.

Mita ni nzima dogo. Hivyo ndivyo inavyoungwa ammita, ile ya kupima mkondo, kwa sirizi, yaani umeme unapita ndani yake. Voltmita ina ukinzani mkubwa mno ndani yake, yaani inauzuia sana umeme kupita, hizi za dijitali nyingi ni kuanzia megaomu (omu milioni) 1 mpaka 10, ukiikalisha njiani mkondo unaobaki ni kiduchu, taa itawakaje? Na volti karibu zote zinaangukia kwenye mita, ndio maana ikakusomea 12 bila aibu. Voltmita inakaa sambamba na kile unachopima: saketi unaiacha ilivyo, taa inawaka, waya mwekundu unagusa upande wa chanya wa taa na mweusi upande wa hasi. Hukati kitu. Ukigeuza, ya dijitali itaweka alama ya kutoa tu, ya mshale ndio itagonga upande wa nyuma.

Kabla hujagusa angalia na matundu. Mweusi COM, mwekundu V. Ukiusahau kwenye 10A, tundu la kupimia mkondo, halafu ukagusa betri hiyo ni shoti kabisa, omba Mungu fyuzi iwemo. Rinji, yaani kikomo cha volti unachochagua kwenye mita, kama huna uhakika anza juu ndio ushuke, maana paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 ukiipima juani haijaungwa na kitu inafika 21 hata 22, hapo rinji ya 20 ya DC (umeme wa betri na sola) haitoshi.

Sasa niwape la mwezi uliopita maana bado lina utamu. Kuna mama ana saluni kule njia ya Tukuyu, anatumia sola, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikawa inalia na kuzima kila akiwasha mashine ya kunyolea. Duka moja la mjini wakamwambia betri imekufa nunua mpya. Duka hilo nalijua, niliwahi kwenda kuomba kazi wakaniuliza cheti, nilivyosema sina wakaendelea kunywa chai kama vile nimeshaondoka. Sijasahau na sitaki kusahau.

Nikamwambia mama washa mashine, usizime. Betri 12.3. Mita nikaihamishia kwenye taminali za inveta, 10.3. Volti 2 zimepotea njiani! Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanadhani voltmita ni ya kupimia betri tu. Mwekundu nikaweka kwenye nguzo ya chanya ya betri, mweusi kwenye chanya ya inveta, yaani ncha mbili za waya ule ule, ambapo ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma 1.9. Upande wa hasi 0.1. Jumlisha na ile 10.3 mwenyewe uone kama hairudi 12.3. Nikafungua bolti, kichwa cha waya kimeliwa na kutu ya kijani kimeshikiliwa na nyuzi chache. Msasa kidogo, kichwa kipya, inveta kimya. Mama akanipa hela yangu na parachichi nusu gunia.

Vijana, pimeni kitu kikiwa kinafanya kazi. Betri iliyopumzika itakudanganya, na luzi, yaani waya uliolegea au kushika vibaya, haionekani mpaka mkondo upite. Mnapenda sana kubadilisha vifaa kwa hela ya mteja, mteja mwenyewe kauza viazi msimu mzima ndio kapata hiyo betri, halafu wewe unasema imekufa hata mita hujaitoa mfukoni. Sio ufundi huo. Pima, hamisha, pima tena, ndio ufungue mdomo.

Na ya ukutani msifanyie mazoezi. Ile ni volti 230, swichi ya kuzungusha ya mita inahamia kwenye AC (umeme wa ukutani) na rinji ya 600 au 750, vidole vinakaa nyuma ya ukingo wa plastiki, na kama waya za mita zimechubuka hata kidogo nenda Mwanjelwa kanunue nyingine kwanza.