Barua kwa mwanangu: khutba ya Kituruki huko Köln, Ujerumani

Mwanangu, waalaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza yote, unauliza kuna haja gani kuomba ruhusa kazini kila Ijumaa uende kukaa mbele ya khutba ya Kituruki ambayo huambulii kitu, na mawaidha ya Kiswahili yamejaa tele kwenye simu.

Hayo ya kwenye simu sikiliza, ila hayo ni mawaidha tu baba, sio Ijumaa. Khutba ni ibada, ndo maana Mtume (s.a.w.) alikataza hata kumwambia mwenzio "nyamaza" imamu akiwa anakhutubu. Hapa Tanga wazee wangapi wamesikiliza khutba ya Kiarabu maisha yao yote na Kiarabu hawakijui, lakini wakitoka pale wanajua nani anaumwa, nani kafiwa, nani hajaonekana. Na huko mlipo wachache ndo zaidi, manake hapa usipotokea jirani atakugongea mlango, huko wiki inaweza kukatika hujapeana salamu na Muislamu hata mmoja.

Hao Waturuki nao waelewe. Wazee wao walikwenda Ujerumani kama vibarua baada ya mkataba wa 1961, misikiti wakaijenga kwa kuchangishana, ile khutba ya Kituruki ndo ilikuwa kama nyumbani kwao.

Ila kwenye lugha nakuunga mkono kabisa, tena naona ni jambo kubwa kuliko unavyolichukulia. Kumbuka Christchurch kule New Zealand, Machi 15, 2019, watu 51 waliuliwa kwenye misikiti miwili siku ya Ijumaa. Ijumaa iliyofuata imamu Gamal Fouda, ambaye alikuwa juu ya mimbari risasi zilipoanza, akakhutubu uwanjani kwa Kiingereza, waziri mkuu yupo, nchi nzima inamsikiliza, akasema mioyo yetu imevunjika lakini sisi hatujavunjika. Angeyasema kwa lugha ya mbali, yule mama wa Kikristo aliyekuja kusimama nyuma ya safu angeondoka na nini?

Na huko kwenu mlango umeshafunguka, Desemba 2023 Ujerumani na Uturuki walikubaliana maimamu wanaoletwa kutoka Uturuki wapunguzwe kidogo kidogo, wafundishwe wengine hukohuko. Kwa hiyo usisuse. Baada ya swala mfuate imamu kwa adabu, nenda na hao vijana wa Kituruki waliozaliwa huko maana nao najua wengine Kituruki kinawapiga chenga, muombeni awape hata dakika tano za muhtasari kwa Kijerumani. Akikubali au akikataa nipigie, nataka kujua kasemaje.

Baba yako