Dogo, RAM haitakusaidia

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji usiku wa manane, "Bro, modeli yangu ya otomata za muda inazunguka toka jana haileti jibu, nikope hela ninunue laptop yenye RAM kubwa?" Otomata za muda ni mchoro wa hali za mfumo, mfano pampu imewaka au imezima, pamoja na saa za kupimia muda zinazoamua lini uhame hali. Nikacheka, halafu nikaumia, maana huyo dogo ni mimi kabisa wa miaka mitatu iliyopita.

Nilikuwa Denmark nasoma masters, nikajitia ujuaji nikachagua kuunda modeli ya pampu za maji kwa otomata hizo hizo. Pampu mbili, tanki moja, umeme wa mchana ghali wa usiku nafuu, tafuta ratiba ya bei ya chini kuliko zote. Kila hali nikaipa bei yake kwa dakika, safi. Halafu nikaongeza sharti kwamba gharama ikifika 50 pampu izime isubiri. Nilijiona kichwa kweli kweli! Miezi mitatu kompyuta ya maabara inaunguruma mi nakunywa kahawa tu nasema kesho itatoa.

Siku ya kuwasilisha, binti mmoja wa mwaka wa kwanza kaniuliza kwa upole, "Mbona gharama unaiuliza njiani?" Chumba kizima kimya. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Iko hivi. Saa zote za otomata zinakwenda mwendo mmoja, ndo maana watafiti Alur na Dill mwaka 1990 waliweza kuzikusanya thamani zake zisizo na mwisho kwenye mafungu yenye idadi inayoisha, na swali la "nitafika hali fulani?" likapata njia ya uhakika ya kujibiwa. Gharama haina adabu hiyo, hapa inapanda kwa 2 pale kwa 7. Mwaka 2001 watafiti wakaonyesha kwamba bei ya chini bado inapatikana, ila gharama iwe inahesabu tu, isizuie wala kuruhusu kitu. Ni ile mita ya zamani, unatumia umeme bili inakuja mwisho wa mwezi. Mi nilifunga LUKU, ile mita ya kulipia kabla inayokata umeme hela ikiisha! Ukifunga LUKU ndani ya modeli, kwa ujumla hakuna programu, ya leo wala ya miaka 100 ijayo, itakayokuhakikishia jibu kwa kila modeli ya aina hiyo. Sio kwamba inachelewa, haipo.

Sasa dogo, acha kukopa, soma masharti yako moja moja. Bajeti iulize mwisho wa safari, njiani usiiulize. Narudia, njiani usiiulize. Na saa punguza, nyie vijana mnarundika saa tisa za kupimia kwenye modeli inayotosha saa mbili halafu mnalaumu mashine, wakati kila saa unayoongeza mafungu yanalipuka hata kwa modeli inayojibika (huko ndo RAM ina kazi kidogo). Ukimwingiza mpinzani anayekuharibia ratiba makusudi ndo kabisa, modeli ikiwa na saa 3 tu kutafuta bei bora hakuamuliki tena, yaani hakuna njia ya uhakika ya kujibu kwa kila modeli, ikiwa na saa 1 unapona. Watu walishathibitisha haya toka 2006, mi nilikuwa mvivu wa kusoma nikaona kuchora modeli ndo kazi.

Nilivyorudi maabara nikaing'oa LUKU, nikabakiza saa mbili, nikairusha kwenye Uppaal Cora, programu ya kutafuta bei ya chini kwenye modeli hizi. Jibu likatoka kabla kahawa haijapoa. Nikamtumia yule binti skrinshoti na maelezo marefu ya kujitetea, akanijibu dole gumba tu.