Kolekole mkubwa: kabla hujalaumu mshipi, tazama ncha yake

Samaki aina ya kolekole watatu wa kwanza niliowanasa kwa rodi, fimbo ya kuvulia, walinikatikia wote. Wa kwanza nilimlaumu samaki mwenyewe, wa pili nikalaumu mshipi, wa tatu nikaitukana rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Mjomba wangu, aliyekuwa ameshika injini, hakujibu. Aliuvuta ule mshipi mtupu hadi botini, akashika ncha na kuisogeza karibu na jicho. Ilikuwa imejikunja kama unywele wa kipilipili.

"Fundo hilo, mjomba," akaniambia. "Limeteleza."

Yeye amevua kwa mkono maisha yake yote na hajawahi kumiliki rodi, lakini somo lile nimelitumia kuliko video zote nilizotazama. Ncha iliyojikunja ni fundo lililofunguka. Ncha iliyochakaa, yenye nyuzinyuzi na mikwaruzo kwa urefu wa pima moja hivi, ni mwamba: samaki alikuzidi ukamwachia aende chini. Ncha iliyokatwa safi kama kwa wembe ni meno, na hapo ujue hukumnasa kolekole, ulimnasa nguru. Meno ya kolekole ni madogo, hayakati mshipi.

Kwetu Mafia kolekole ni jina la ukoo mzima. Ninayemzungumzia hapa ni yule mkubwa kuliko wote, Caranx ignobilis, mwenye paji la uso lililoinuka kama ametoka kugombana na mtu. Anaweza kufika sentimita 170 na kilo 80. Rekodi ya dunia ya kuvua kwa rodi ni kilo 72.8, samaki aliyevuliwa Japani mwaka 2006. Sisi tukipata wa kilo 20 tunapiga kelele hadi ufukweni wanasikia.

Wanapokuwa wadogo hukaa kwa makundi kwenye maji ya mikoko na midomo ya mito, hata penye chumvi kidogo. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya kolekole wa miambani, tazama kwanza hali ya mikoko ya karibu. Sisi ng'ambo yetu tuna delta ya Rufiji, na hiyo ni bahati ambayo wengi hawaihesabu. Wakikua hutoka kwenda kwenye miamba, na wale wakubwa kabisa mara nyingi hutembea peke yao. Huanza kuzaa wakiwa na kama sentimita 60, umri wa miaka mitatu na nusu hivi. Kwa hiyo yule wa kilo mbili unayemwona sokoni ni mtoto.

Anakula vibua, ngisi, pweza, kaa, kamba. Pia ni mjanja wa kudowea: humfuata samaki taa au papa nyuma, samaki wadogo wakikurupuka yeye anawadaka. Huko Shelisheli, kwenye kisiwa cha Farquhar, wamepigwa picha wakiruka juu ya maji kudaka ndege. Sijaliona hilo kwa macho yangu, ila baada ya kuona chambo bandia cha urefu wa kiganja kikitoweka kwa mlipuko kama mtu katupa jiwe kisimani, siwezi kubisha.

Sasa maji. Mgeni huuliza tutaondoka saa ngapi, mimi huuliza mwezi una siku ngapi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maana yake jua likichomoza maji yanaanza kutoka, yanapita kwa nguvu kwenye milango ya miamba, yakiwabeba vibua ambao hawawezi kushindana nayo. Kolekole anajua hilo kabla yako. Hukaa pembeni ya mkondo, mahali maji yanapojikunja, anasubiri aletewe. Tupa chambo juu ya mkondo ukilete kama kitu kilichozidiwa. Maji yakisimama, kunywa chai. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mimi binafsi silipishi mtu safari ya kolekole, namwambia twende tukatafute kitu kingine.

Ukitaka kuona mkondo wa namna hiyo, mlango wa Kinasi unaoingia ghuba ya Chole ni darasa tosha. Lakini hapo ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na hifadhi ina kanda zenye masharti tofauti. Uliza ofisini kwao kabla hujarusha kitu majini. Usimsikilize nahodha anayekwambia "hakuna shida."

Vifaa nitasema kwa ufupi. Mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya kuhimili ratili 80 hadi 100, mbele yake nailoni nene ya ratili 130 au zaidi, na fundo la kuunganisha ulilolifanyia mazoezi nyumbani mara hamsini, siyo mara mbili. Breki ya rili ipime kwa mzani wa samaki, maana vidole vinadanganya. Mimi naanza na kilo kumi. Akishanasa, sekunde kumi za mwanzo ndizo zako. Ukimwachia mshipi hapo, anaingia pangoni. Na usishike mshipi wa kusukwa kwa mkono mtupu akiwa anakimbia. Kovu kwenye kidole changu cha shahada lina miaka sita.

Limebaki suala la kumrudisha baharini. Hapa mimi na mjomba tulivutana muda mrefu. Kwake, kutafuta samaki mchana kutwa halafu umwachie ni kuchezea riziki, na sikuwa na jibu la maana la kumpa mtu ambaye samaki ndiyo ada ya shule. Msimamo wangu wa sasa ni huu: kitoweo tuchukue nguru, wanakua haraka na nyama yao ni tamu zaidi. Kolekole mkubwa nyama yake ni ngumu, na yeye ndiye mzazi. Mwache.

Ila ukiamua kumwachia, mwachie akiwa mzima. Mwaka mmoja nilitoka na rodi nyepesi, nikapigana na kolekole dakika arobaini. Tukampandisha, tukamlaza kwenye mbao kavu, picha, picha nyingine, mgeni naye akataka yake. Tulipomrudisha alilala ubavu akazama taratibu, tumbo linameta, hadi hatukumwona tena.

"Bora tungemla," mjomba alisema. Sikuwa na la kujibu.

Siku hizi ndoana zetu ni za moja moja, vile vijino vya nchani vinavyozuia ndoana isichomoke tumevibana kwa koleo. Samaki anabaki majini ubavuni mwa boti; namshika mkia kwa glovu, pale kwenye magamba magumu yanayokata kama msumeno, matamvua siyagusi, namwelekeza kichwa kwenye mkondo hadi mwenyewe aukung'ute mkono wangu. Picha ni moja. Ile rodi nyepesi inavulia changu.